Usianze na kufuli, anza na siku ya tatu

Hospitali niliyofanyia kazi nikiwa mfamasia mpya ilianza kudhibiti antibiotiki kwa kufungia meropenemu, antibiotiki kali ya sindano, kabatini. Daktari aliyeihitaji alijaza fomu, akasubiri saini. Usiku mmoja mgonjwa mwenye sepsisi, yaani maambukizi yaliyofikia kutishia uhai, alisubiri zaidi ya saa nzima kwa kuwa mwenye saini hapokei simu. Alipona, Mungu ni mwema, lakini sauti ya sista aliyekuwa akinipigia ninayo hadi leo.

Kwa hiyo mnaoanza mpango wa kudhibiti antibiotiki, nawasihi: dozi ya kwanza ya mgonjwa mahututi isizuiwe na mtu. Chukueni damu ya kuotesha maabara ili kumjua kijidudu, kisha dawa ianze mara moja. Ubishi uje baada ya saa 48 hadi 72, majibu yakiwa mkononi. Hapo ndipo dawa inapobadilishwa, sindano inageuzwa vidonge, au inaachwa kabisa. Na chupa za kuoteshea damu ziwe kwenye bajeti; zikiisha, wote mnabahatisha.

Kwetu, hata hivyo, tatizo kubwa halikuwa meropenemu. Lilikuwa seftriaksoni, antibiotiki nyingine ya sindano, ambayo tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa karibu kwa sababu ya hatari ya vijidudu kuwa sugu kwa dawa. Nilifungua faili la mzee aliyepasuliwa ngiri, yuko siku ya saba, bado anachomwa asubuhi na jioni. Hana homa, kidonda kikavu. Kwenye faili: "endelea", "endelea", "endelea", kwa kalamu tatu tofauti. Hakuna aliyeandika sababu wala siku ya mwisho. Mwongozo wa shirika hilo hilo unasema antibiotiki ya kukinga kidonda cha upasuaji kisipate maambukizi isiendelezwe baada ya operesheni.

Tukaongeza mistari miwili kwenye karatasi ya dawa: inatibu nini, inapitiwa lini. Nikaacha kuandika barua, nikaanza kuzunguka wodi na madaktari. Daktari bingwa mmoja akaniuliza, "Kidonda kikioza, utakuja kukisafisha wewe?"

Sikumbishia. Hofu yake ilikuwa ya mtu aliyeshaona vidonda vikioza. Nilimwomba tuvihesabu pamoja, na sista wa wodi akafungua daftari: tarehe ya upasuaji, siku dawa ilipoachwa, hali ya kidonda. Kila Alhamisi tulilisoma sote watatu. Baada ya miezi miwili daktari huyo alikuwa akiandika siku ya kuacha dawa mwenyewe, kabla sijafika kitandani.