Kwa Agnes, juu ya kutolea mateso

Mwanangu Agnes,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye mashine ya kusafisha damu, nikaona si wa kujibiwa kwa kidole kimoja. Umeuliza: "Baba, kama ugonjwa umetoka kwa Mungu, ukisema unamtolea, si unamrudishia kitu chake mwenyewe? Na kama haukutoka kwake, atautakia nini?" Mama yako anasema umekuwa mjuaji. Mimi naona umeuliza vizuri.

Kwanza, sijasema umetoka kwake. Figo zangu zimeharibiwa na presha, na daktari kanieleza nikaelewa. Lakini wapo waliopanda mpaka hapa Kibosho kuniambia ni mkono wa mtu, na mmoja akanihimiza nitafute dhambi niliyoificha. Hata wanafunzi wa Yesu walianzia hapo walipomwona yule kipofu wa Yohane sura ya 9: nani katenda dhambi, huyu au wazazi wake? Akawajibu, si huyu wala wazazi wake. Na wale rafiki zake Ayubu, waliomtetea Mungu kwa maneno mengi, mwisho wa kitabu ndio Mungu anaowakasirikia, si Ayubu aliyelalamika. Pale pananifariji kuliko zaburi nyingi.

Sasa hilo la kutolea. Unajua maji napimiwa, maana yakiingia hayana pa kutokea. Mama yako ana kikombe chake cha plastiki cha kunipimia, na chai na mchuzi vimo kwenye hesabu. Joto la Februari likipamba moto, ulimi unanata kwenye kaakaa. Nanyonya kipande cha barafu, nakihamisha shavu hili hadi lile kisiishe upesi. Katika kiu hiyo ndipo lilinijia neno la Ijumaa Kuu ambalo nimelisikia tangu utoto: "Naona kiu." Zamani nililisikiliza huku nikingoja zamu yangu ya kubusu msalaba. Sasa najua koo lake lilikuwaje. Sisemi kiu yangu ni sawa na yake. Nasema nilipofika mahali pakavu namna hiyo, nilimkuta ameshafika.

Mtakatifu Paulo anawaandikia Wakolosai kwamba anatimiliza mwilini mwake yaliyopungua katika mateso ya Kristo. Mstari huo ulinisumbua kama swali lako: msalabani palipungua nini? Papa Yohane Paulo II aliujibu mwaka 1984, hata miaka mitatu haijatimia tangu apigwe risasi, katika barua aliyoiandika juu ya mateso. Anasema ukombozi umekamilika, haukupungua kitu, ila Kristo ameuacha wazi ili upendo wa mtu anayeteseka upate pa kuingilia. Kwa hiyo Mungu hautaki ugonjwa wangu, Agnes. Anachopokea ni upendo, na mimi kwa sasa sina pengine pa kuutolea ila humu kitandani.

Kwenye mashine ya jirani hulala kijana wa bodaboda. Bima hana, anaruka zamu, na akija miguu imevimba, pumzi za kuhesabu. Zile sindano mbili nene zinapoingia mkononi mwangu, nalitaja jina lake. Baadaye nikaona kutaja jina peke yake ni rahisi mno, nikaisimulia jumuiya yetu ndogo ya kanisani, nao wakaanza kumchangia zamu zake. Barua ile ya Papa nayo inaishia kwa Msamaria Mwema. Usinifanye mtakatifu, lakini. Kuna siku nasema tu, "Bwana, na hii," nasinzia. Kuna siku hata hilo silisemi, namgombeza mama yako kwa sababu ya kikombe.

Na juu ya ule Mpako wa Wagonjwa uliokutia hofu: Padre alipokuja na mafuta, majirani nao walidhani nakata roho. Ni mazoea ya enzi za "mpako wa mwisho". Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano tukafundishwa kuuomba mapema, ugonjwa mzito unapoanza, na hali ikizidi unapakwa tena. Nilipakwa kwenye paji la uso na mikononi, na sala yenyewe inaomba mgonjwa ainuliwe. Kanisa halijanikataza kutaka kupona. Katika Biblia yetu Katoliki, Yoshua bin Sira, sura ya 38, anaagiza tumheshimu daktari, na anasema dawa Bwana ameziumba kutoka ardhini.

Ndiyo maana lile la wewe kunitolea figo yako sijalikataa. Niliponyamaza kwenye simu ulifikiri nataka kubaki na msalaba wangu. La, niliogopa kwa ajili yako na wanao. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inasema kupandikiza kiungo kunapatana na sheria ya maadili, mradi mtoaji aridhie mwenyewe na hatari kwake isizidi faida kwa mgonjwa. Muhimbili wamepandikiza figo tangu 2017, basi wao ndio watupime watuambie. Ila zungumza na mumeo kwanza, mpaka mwisho, na akisema hapana usibishane naye kwa sababu yangu. Akikubali, niambie tarehe nimwombe muuguzi anipangie zamu upya. Nauli ninayo.

Baba yako