Siku mbili Kyoto, Japani: wahi mlimani, kula umesimama

Jumamosi nilipanda Kiyomizu-dera saa sita mchana. Usifanye hivyo. Hekalu hilo lilianzishwa mwaka 778, na roshani yake ya mbao imekaa mita 13 juu ya bonde, nguzo zake zimepachikana bila misumari. Kwa umati ule niliambulia kuona migongo ya watu.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Fushimi Inari, hekalu la Kishinto lililo mlimani, vituo viwili tu kwa treni ya JR kutoka stesheni kuu. Hakuna kiingilio, na mlimani pako wazi usiku na mchana. Malango mekundu yamebanana hata unajiona umo ndani ya handaki. Ukipanda huoni maandishi. Geuka nyuma, utasoma kwa wino mweusi majina ya waliotoa kila lango, wengi wafanyabiashara, maana Inari ni mungu wa mpunga na biashara. Mbweha wa mawe, wajumbe wake, wamejaa njiani. Nilimtazama sana mmoja aliyebana mdomoni ufunguo wa ghala la mpunga. Kileleni ni mita 233. Ukichoka, ishia njia panda ya Yotsutsuji, mji uko chini yako.

Hotelini usishibe. Tumbo liachie soko la Nishiki, uchochoro wa kama mita 400 wenye maduka zaidi ya 100, ambayo mengi yanafunguliwa kama saa nne asubuhi na kufungwa jioni mapema. Mimi pweza nilimzoea kwenye supu ya jioni pale Dar. Wa Nishiki ni mdogo, mwekundu, kachomekwa kijiti kama mshikaki, na kichwani kajazwa yai la kware. Ukimng'ata unapata utamu wa sosi kwanza, halafu yai linapasuka. Nilirudia wa pili.

Mwenzangu Mwislamu hakumla pweza huyo baada ya kuuliza kuhusu sosi. Mirin, pombe tamu ya mchele, huingia kwenye sosi nyingi, hata za samaki, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Yeye alifurahia donati ndogo za maziwa ya soya, za moto, zikamkumbusha kaimati za kwao.

Nishiki wanaomba usile ukitembea. Simama mbele ya duka ulilonunua, umalize, kisha mrudishie muuzaji kijiti chake, kwani mapipa ya taka barabarani ni adimu. Na beba sarafu za kutosha.