Eti soka la wanawake halileti pesa

Ndugu yangu, unasema wachezaji wa kike walipwe kidogo kwa sababu soka lao halileti pesa. Hebu tazama hapa Afrika. Ivory Coast walipotwaa AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya wanaume mwaka 2024 walipewa dola milioni 7. Super Falcons wa Nigeria walitwaa ya wanawake 2025 pale Rabat, wakatoka nyuma 2-0 na kuwafunga wenyeji Morocco 3-2, wakapewa milioni 1. Na hapo zawadi ilikuwa imeongezwa maradufu! Mtu hujampa jembe, unamdai mavuno? Marekani wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake walikwenda hadi mahakamani, na mwaka 2022 shirikisho lao likakubali kulipa timu zote mbili, ya wanaume na ya wanawake, sawa.