Kubadilishana kazi bila hela: anayedaiwa siyo tatizo, tatizo ni anayelimbikiza

Mkuu umeuliza mambo mawili, kikundi cha majirani cha kubadilishana kazi bila hela kinaanzaje, na mtu akishahudumiwa mara kibao alafu yeye hatoi kitu mnamfanyaje. Nimeshika daftari la kikundi cha namna hiyo kwa muda mrefu kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu, na naanza na hilo la pili maana ndo hofu ya kila mtu.

Kwanza tuelewane, hii siyo mali kwa mali. Mali kwa mali ya ana kwa ana inakwama haraka sana, mimi nataka baiskeli yangu itengenezwe, fundi baiskeli hana shida na mtu wa kufundisha hesabu, basi biashara imeishia hapo. Kinachofanya kazi ni daftari la pamoja. Fundi ananitengenezea baiskeli, anaandikiwa masaa 2 juu, mimi naandikiwa masaa 2 chini. Deni langu siyo kwa fundi, ni kwa kikundi kizima. Baadaye namfundisha hesabu mtoto wa mshonaji, narudi sifuri, mshonaji anashuka chini 2, siku fundi akimpelekea suruali ya kupunguza ndo mzunguko umefunga na hakuna aliyetoa hata senti. Uzuri wake ni kwamba ukijumlisha salio za wanachama wote jibu lazima liwe sifuri. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa najumlisha safu nzima, ikitoka 3 najua kuna kazi imeandikwa upande mmoja tu, natafuta mpaka niipate ndo napiga picha ukurasa narusha kwenye grupu kila mtu aone.

Mfumo huu wa daftari alikuja nao Michael Linton kule Comox Valley, British Columbia, Kanada, mwaka 1983, akauita LETS, yaani mfumo wa kubadilishana wa watu wa eneo moja, na aliona kitu rahisi tu: watu wana ujuzi, wana muda, wana shida zinazohitaji kutatuliwa, kinachokosekana katikati ni hela ya kuwaunganisha. Sasa kama kinachokosekana ni kitu cha kuhesabia tu, si mkihesabu wenyewe.

Sasa rudi kwenye ile sifuri, mkuu, hapo ndo jibu lako lilipo. Kama jumla ni sifuri, ili mmoja awe juu 10 lazima wengine kwa pamoja wawe chini 10, haiwezekani vinginevyo. Kwa hiyo aliye chini ya sifuri siyo mwizi, yeye ndo kampa mwenzake kazi ya kufanya. Ukianza kuwatisha watu wasishuke chini kila mtu atasema ngoja nipate kwanza ndo nitumie, na wote wakisema hivo hakuna atakayepata maana hakuna anayetumia. Nimeona grupu limekaa kimya wiki nzima, watu wote wazima, wote wana ujuzi, wote wana shida, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze.

Kwetu aliyetukwamisha hakuwa mdaiwa, alikuwa mshonaji, na ni mtu mwema kabisa. Kila mtu alikuwa anamhitaji, salio lake likapanda mpaka likapita la wote, na yeye hatumii. Wengine nusu ya kikundi wamegonga kikomo cha chini, yaani mwisho wa deni mtu analoruhusiwa, hawawezi kuagiza kitu tena. Nikamwendea, nikamuuliza dada unahitaji nini, akasema mimi sina shida yoyote. Nikaacha swali hilo, nikamwomba anisimulie siku yake ya jana tangu alipoamka. Hapo ndo yakatoka: cherehani inakata uzi na anaivumilia tu, anabeba mwenyewe marobota ya vitambaa, na hatoki nyumbani mchana kwa sababu mama yake mzee hawezi kubaki peke yake. Fundi baiskeli akaishika cherehani, kijana aliyekuwa kwenye kikomo cha chini akawa anambebea mizigo, na mama mmoja aliyekuwa anaona aibu kwamba hana ujuzi wa kutoa akawa anakaa na bibi mchana. Daftari likaanza kutembea tena. Kwa hiyo kazi kubwa ya mshika daftari ni hiyo, kuwasaidia wenye salio kubwa kujua wanahitaji nini, kuliko kuwafukuza wadaiwa.

Na siyo kwetu tu. Miaka ya 1970 pale Capitol Hill, Washington, kulikuwa na ushirika wa wazazi wa kuleana watoto, walikuwa na kuponi, kila moja inalingana na nusu saa ya kukaa na mtoto wa mwenzako. Watu wakaanza kuzitunza kwa ajili ya baadaye, hakuna anayetoka jioni, kwa hiyo hakuna anayepata nafasi ya kulea. Wakaongeza kuponi, mambo yakachangamka, baadaye zikazidi, sasa kila mtu anataka kutoka na hakuna wa kubaki na watoto. Kule Wörgl, Austria, mwaka 1932, katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, meya wao Unterguggenberger alitoa noti za mji ambazo kila mwezi lazima ubandike stempu ya asilimia 1 la sivyo hazipokelewi, kwa hiyo hakuna aliyetaka kukaa nazo. Zilizunguka vizuri sana mpaka benki kuu ikazipiga marufuku mwaka uliofuata. Mimi binafsi sipendi kumkata mtu salio alilolitolea jasho, naona inaleta kinyongo kwenye kikundi kidogo cha watu wanaojuana. Weka vikomo viwili, cha chini na cha juu, na akifika cha juu haandikiwi zaidi mpaka atumie. Inatosha kabisa.

Bei: saa kwa saa, mkuu, usiingie kwenye mambo ya nani kasoma zaidi. Teruko Mizushima alifungua benki ya kazi kule Osaka, Japani, mwaka 1973 kwa msingi huohuo wa kuhesabu masaa, na Edgar Cahn akaja kulisambaza wazo la benki za muda, yaani watu kulipana kwa masaa badala ya hela, Marekani kuanzia miaka ya 1980. Wapo watakaolalamika kwamba saa ya daktari haiwezi kuwa sawa na saa ya kufua, waache walalamike, wakija kuugua na kuhitaji mtu wa kukaa nao hospitali usiku wataelewa. Ila vifaa ni hela taslimu, tairi la baiskeli au uzi wa kushonea anayehudumiwa ananunua mwenyewe, ukivichanganya kwenye masaa fundi ataumia na ataondoka.

Usichapishe noti. Vilabu vya kubadilishana vya Argentina vilivyoanza Bernal mwaka 1995 vilikua sana kipindi hela ya nchi imekwama, alafu mwaka 2002 noti zikachapishwa hovyo na za bandia zikajaa, vikaporomoka. Na Mombasa mwaka 2013 waanzilishi wa Bangla-Pesa, vocha za kubadilishana za mtaa mmoja wa huko, walikamatwa kwa sababu ya vocha hizo, japo mashtaka yalifutwa baadaye. Daftari halina kitu cha kughushi. Kuhusu kodi ulizia mapema huko uliko, Marekani kwa mfano mapato ya mabadilishano yanahesabiwa kama kipato kwa thamani ya soko.

Kuanza: kusanya majirani wachache wanaojuana, kila mmoja aandike anachohitaji KABLA ya anachotoa, maana kila mtu hukimbilia kusema anatoa nini na mnabaki na orodha ya watoaji watupu. Na yule atakayehama na deni lake yupo, atatokea tu. Akishindwa kulifuta, ligawanye kwa wanachama wote, kila mtu ashuke kidogo ili jumla irudi sifuri, na kwa sababu mliweka kikomo cha chini mapema hakuna atakayeumia sana.