Kabla hujaivalisha foo-wili ya zamani viatu vikubwa

Kila anayenunua foo-wili ya zamani hupitia ugonjwa uleule. Wiki ya kwanza anaipenda ilivyo. Wiki ya tatu anasimama pembeni, kichwa upande, na kuona magurudumu yake ni madogo. Nami niliugua. Gari langu ni Land Rover Series III, ile fupi ya inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na lilikuja na matairi ya 205R16. Nimelibadilishia matairi makubwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea, ya pili nikapatia, na cha ajabu ni kwamba matairi ya mara zote mbili yalikuwa na kimo kilekile.

Twende kwenye hesabu. Tairi likiandikwa 265/75R16, ile 265 ni upana kwa milimita, 75 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu basi ni 265 mara 0.75, karibu milimita 199. Zidisha kwa mbili, ongeza rimu (inchi 16 ni milimita 406), unapata kimo cha milimita 804 au 805. Sasa chukua 235/85R16 ufanye vilevile: 806. Kimo kimetofautiana kwa unene wa sarafu, lakini upana umetofautiana kwa milimita 30. Na lile tairi la kizamani la 7.50R16 (hapa 7.50 ni upana kwa inchi), ambalo Land Rover ndefu zilizoea kuvaa, lina karibu kimo hichohicho, nalo ni jembamba kuliko yote mawili.

Mimi nilinunua 265. Yanapendeza, sikatai. Lakini yalitaka rimu yenye upana usiopungua inchi 7, na zangu zilikuwa nyembamba mno, hivyo nikachukua rimu pana zilizochomoza nje. Siku hiyo nilijiona mfalme. Kesho yake nikajaribu kuegesha. Gari hili halina pawa stiringi, na kuugeuza usukani gari likiwa limesimama kulikuwa kama kufungua nati iliyoshika kutu. Wiki iliyofuata nikavuka mtaro: gurudumu la mbele kushoto likapanda, nikakata kona papo hapo, nikasikia mkwaruzo, kisha harufu ya mpira. Nilipochungulia, ukingo wa madigadi ulikuwa umechonga mstari kwenye bega la tairi jipya kama kisu kwenye siagi. Baada ya miezi michache beringi za mbele zikaanza kulia na kingipini zikalegea.

Sababu yake si upana peke yake. Fikiria mlango: ukiusukuma karibu na bawaba unakuwa mgumu, ukiusukuma ukingoni unakwenda kwa kidole. Gurudumu la mbele nalo lina bawaba yake, nayo ni kingipini. Rimu ikilitoa tairi nje, kila jiwe linalipiga mbali na bawaba, na pigo lote linafika mikononi mwako. Gari jipya lina pawa stiringi ya kukusaidia. La zamani lina mabega yako tu.

Kwa hiyo shauri langu kwa anayeanza: ongeza kimo, usiongeze upana. Niliyauza yale 265, nikatafuta rimu za upana wa inchi 5.5 za gari refu, nikavalisha 7.50R16. Usukani ukarudi kuwa usukani. Watakaokuambia tairi pana ndilo la porini wana haki kwenye mchanga, ambako unataka kuelea. Kwenye matope yenye sakafu ngumu chini, jembamba hukata likafika kwenye sakafu hiyo. Na hata mchangani, ukipunguza upepo kutoka psi 30 hadi 15 au 18, tairi jembamba hurefusha unyayo wake na gari linatoka. Ila hapo uende polepole, na urudishe upepo kabla hujashika barabara.

Kabla hujalipa hata senti, pima. Usipime gari likiwa limesimama sawasawa, maana hapo kila tairi linaenea. Omba rafiki mwenye gari kama lako akuazime gurudumu moja la kipimo unachokitaka. Lifunge mbele, kisha panda nalo juu ya rundo la mbao imara mpaka springi ya upande huo ibonyee kabisa. Weka kigingi nyuma ya magurudumu mengine na uvute hendibreki; usijitie chini ya gari linaloning'inia. Sasa geuza usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, huku mwingine akimulika tochi. Tazama sehemu tatu: tairi na springi, tairi na madigadi, na mpira wa breki, ambao haufai kuguswa wala kuvutika ukakakamaa. Mimi hubandika donge la udongo wa mfinyanzi kwenye springi; tairi likipita karibu mno, linaacha alama. Nikikosa nafasi ya vidole viwili, naingia kwenye boliti ya kuzuia kona iliyopo nyuma ya gurudumu na kuifungua nje kidogo. Gari litapoteza kona kali kiasi. Utazoea.

Kisha kuna jambo ambalo wageni hulisahau hadi wafike mlimani: tairi kubwa hubadilisha gia zote. Kutoka milimita 734 za 205R16 hadi 805 hivi ni karibu asilimia 10. Yaani gari linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na injini ile ya lita 2.25, ambayo hata ikiwa mpya haikuwa na haraka, inabeba mzigo huo. Kwenye barabara tambarare utafurahi, kelele inapungua. Kwenye mwinuko utashuka gia mapema kuliko ulivyozoea, na klachi itakuambia. Spidomita nayo inadanganya: ikisoma 80, unakwenda karibu 88. Linganisha na simu yenye GPS ujue ukweli. Breki za dramu zinapaswa kukaza zaidi kuzuia gari lilelile, kwa hiyo rekebisha breki kabla ya matairi, si baada. Na faida ya kimo unayoisifia? Ni nusu ya tofauti tu, maana nusu nyingine iko juu ya ekseli. Milimita 71 za kipenyo zimenipa 35 chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Zinasaidia, lakini si za kujivunia sana.

Aina ya kashata, yaani meno ya tairi, sitaichambua sana. Ukiendesha lami siku tano na porini mbili, chukua za mchanganyiko. Za matope tupu zinanguruma, zinaisha haraka, na kwenye lami yenye maji hazishiki vizuri. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa ubavu: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "jipya" lililolala ghalani miaka kumi ni mpira mkavu wenye kashata nzuri.

Rimu za zamani zina mambo yake. Nyingi za Series zimeungwa kwa ribiti, na hewa hupenya kwenye ribiti, hivyo weka tyubu hata kama muuzaji anasema siku hizi hakuna anayetumia. Ukikutana na rimu yenye pete ya kufungia, usiijaze upepo mwenyewe. Pete ile ikiruka inaua; inajazwa ndani ya kizimba na mtu anayeijua.

Na yote manne yawe sawa, aina moja, uchakavu mmoja. Series kama yangu haina difu ya katikati: ukiingiza foo-wili, ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kuzunguka pamoja. Tairi moja likiwa kubwa kuliko jingine, shafti zinajikaza kama kamba inayosokotwa. Kukagua ni rahisi. Chora mstari wa chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mzunguko mmoja kamili, pima umbali. Mbele yangu ilitoa mita 2.47 na nyuma 2.47, nikalala vizuri.

Nati ukishazikaza, zikaze tena baada ya kilomita 80 hivi, hasa rimu zikiwa zimepakwa rangi mpya, kwa sababu rangi husagika na nati zinalegea. Mimi nilikumbuka hilo. Nilichosahau ni tairi la akiba. Gari langu lilikuwa likilibeba juu ya boneti, na lile la 7.50 lilipokaa pale kwa mara ya kwanza, nilikaa kwenye kiti nikaona mpira na kipande kidogo cha mbingu. Nikalihamishia mlango wa nyuma, na sasa liko kwenye fremu niliyochomelea mwenyewe, kwa sababu bawaba za mlango huo nazo zilikuwa zimeanza kulalamika.