Cheo bila nyongeza ya mshahara

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Jinja, wafanyakazi sita. Mwaka huu siwezi kuongeza mshahara. Nikimpa muuzaji wangu hodari cheo cha Msimamizi wa Mauzo, atatulia?

JIBU: Huenda, cheo kikiwa na madaraka ya kweli. Mkabidhi funguo za stoo na ruhusa ya kupunguza bei hadi kiwango ulichokiandika. Kisha mpe barua: Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inataka jina la kazi liwemo katika maelezo ya maandishi ya ajira. Taja kuwa mshahara haujabadilika, na lini mtaujadili. Usiwagawie wote sita vyeo. Duka lenye mameneja watupu ni kichekesho. Na ukimwongezea mzigo tu, cheo hicho atakitumia kuomba kazi kwa jirani yako.