Mashine pepe inakokota kwenye KVM? Usikimbilie kununua RAM

Mkuu, umesema tangu uhamishie seva ya ofisi kwenye mashine pepe ya KVM (sehemu ya Linux inayoendesha kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta halisi) mtandao unakokota, CPU iko juu muda wote, na unauliza kama uongeze RAM. Subiri kwanza, hela isiende bure. Mimi yalinikuta hayo hayo.

Ingia ndani ya mashine pepe, andika lspci, amri inayoorodhesha vifaa ambavyo mashine inaviona. Yangu ilinionyesha kadi ya mtandao ya Intel e1000 na kidhibiti cha diski cha IDE, aina ya zamani. Vitu hivyo havipo! Ni QEMU, programu inayofanya kazi na KVM, inaigiza. Kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mgeni, yaani mashine pepe, haina habari, inagusa rejista za kadi kana kwamba ni chuma cha kweli, na kila ikigusa, CPU inamwacha mgeni na kurudi kwa mwenyeji, yaani kompyuta halisi, ili jibu liigizwe. Hapo ndipo CPU yako inapoishia.

Dawa ni mgeni ajijue kuwa ni mgeni. Siku ya tatu mpe jembe, na jembe lenyewe ni virtio, vifaa na draiva zilizobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, kazi iliyoanzishwa na Rusty Russell, imo ndani ya Linux tangu toleo 2.6.24 la mwaka 2008. Mgeni na mwenyeji wanatumia foleni moja kwenye kumbukumbu: mgeni anapanga pakiti nyingi, kisha anabisha hodi mara moja.

Sasa sikia nilipoumia. Nilibadilisha diski kuwa virtio usiku, nikawasha, ikagoma kuwaka. CentOS 7 (Linux) yangu ilikuwa na initramfs, faili lenye draiva za kuwashia mashine, iliyojengwa enzi ya IDE, haina draiva ya diski ya virtio_blk, na fstab, orodha ya diski za kufunguliwa, ilitaja /dev/sda1 wakati diski sasa inaitwa /dev/vda. Nikarudisha IDE, nikaandika fstab kwa UUID (namba ya utambulisho ya diski isiyobadilika jina likibadilika), nikajenga upya initramfs:

dracut -f --add-drivers "virtio_blk virtio_pci"

Ndipo ikakubali. Kadi ya mtandao nayo inaweza kubadilika jina, kwa hiyo usitegemee SSH (kuingia kwa mbali kupitia mtandao) peke yake, fungua konsoli, skrini ya mashine pepe yenyewe.

Kabla ya yote hayo lakini, tazama "st" kwenye top, amri inayoonyesha matumizi ya CPU, ndani ya mashine pepe. Huo ni muda ambao mgeni alitaka CPU, mwenyeji akampa mwingine. Ikiwa kubwa, virtio haitakuokoa: wageni wamezidi vitanda, na hilo ni la kumwuliza anayekukodisha seva.

Tupia hapa majibu ya lspci tuone.